Ushirika uliokula hasara: nahau za Kiingereza na ukimya wa madarasa yetu

Wiki chache zilizopita, jioni, kijana mmoja jirani yangu hapa Kimara alinijia nyumbani akiwa na daftari mkononi. Ana shahada ya kwanza ya uhandisi wa maji, lakini kwa miaka mitatu sasa anaishi kwa vibarua vya kufunga mabomba kwenye nyumba zinazojengwa kuelekea Mbezi. Safari hii alikuwa ameitwa kwenye usaili. "Shikamoo, Dokta," aliniambia, "naomba unisikilize Kiingereza changu kabla ya siku yenyewe."

Alifungua daftari. Ndani yake alikuwa amenakili, kwa mwandiko wa kupendeza, nahau za Kiingereza zipatazo mia tatu alizozikusanya kutoka kwenye simu, kila moja na maana yake. Alikuwa amelipia pia kozi ya jioni iliyotangazwa kwenye bango karibu na kituo cha mwendokasi, ambayo humwahidi mwanafunzi kwamba ndani ya miezi mitatu ataongea Kiingereza kama mzawa. Mwalimu wa kozi hiyo alikuwa amewaambia kwamba wasaili hupima kwanza kama mtu anaongea kiasili, na kwamba asiyejua nahau hawezi kuongea kiasili.

Nilimsikiliza hadi mwisho wa ukurasa wa tatu. Aliniambia kwamba kwa Waingereza mvua ikizidi huwa inanyesha paka na mbwa, jambo jepesi ni kipande cha keki, na mtu akifariki husemwa ameipiga teke ndoo. Matamshi yake yalikuwa mazuri. Kisha nikamwomba anieleze, kwa Kiingereza hichohicho, maji husafiri vipi kutoka Ruvu hadi kufika kwenye bomba la mpangaji, na kwa nini mengine hupotea njiani. Alianza sentensi, akaiacha. Akaanza ya pili, akatafuta mahali pa kuchomeka nahau mojawapo, akaichomeka, na sentensi ikafia hapo.

"Basi nieleze kwa Kiswahili," nilimwambia.

Alizungumza kwa robo saa bila kukwama. Alinieleza namna maji ya Ruvu Juu yanavyosukumwa hadi kwenye matangi ya huku kwetu Kimara, kisha yakateremka mjini kwa uzito wake yenyewe. Alinieleza kwa nini mabomba hupasuka usiku, watu wanapofunga koki na msukumo wa maji ukapanda. Na kwa nini dira mbovu ya nyumbani inaweza kuifanya mamlaka iamini kwamba maji yamevuja ilhali yamenywewa. Nimeishi Kimara miaka mingi, nimelalamikia maji miaka mingi, na jioni ile ndipo nilipoelewa mfumo wake.

Naandika makala haya kwa sababu ya daftari lile. Linaeleza namna tunavyofundisha Kiingereza nchini, na namna tunavyowapima watu kwa lugha hiyo.

Siku niliyotabasamu

Kabla sijawanyooshea wengine kidole, nianze na mimi mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, kwenye semina ninayoifundisha, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alikuwa akieleza kwa Kiingereza sababu za kuporomoka kwa chama cha ushirika kijijini kwao. Hoja yake ilikuwa nzuri kuliko yote niliyoisikia wiki ile, kwa sababu hakuitoa kitabuni; aliitoa kwenye mezani na ghala alizozijua tangu utotoni. Alipofika kwenye kiini cha hoja alisema "the cooperative ate a big loss".

Darasa zima liliangua kicheko. Nami nikatabasamu. Sikumdhihaki, wala sikumsahihisha. Nilitabasamu tu, kisha nikamwomba aendelee. Hakuendelea. Alisema "that is all, sir", akakaa. Muhula ule wote hakusema tena neno darasani. Mitihani ya kuandika alifaulu, lakini sauti yake sikuisikia tena.

Ninachojilaumu ni kwamba nilielewa kikamilifu alichokisema. Kila mtu darasani alielewa. Ushirika ulikula hasara. Sentensi ile haikuwa na giza lolote. Ilikuwa Kiswahili kilichovaa nguo za Kiingereza. Na tukiitazama kwa haki, ni nini hasa kilichotuchekesha? Mwingereza hasemi kwamba kampuni imekula hasara. Husema kampuni "imetengeneza" hasara, kana kwamba ni bidhaa ya kiwandani. Katika lugha hizo mbili, mwenye kula ana akili kuliko mwenye kutengeneza, maana angalau hasara huingia mwilini na kuuma. Lakini kutengeneza hasara hakumchekeshi mtu, kwa kuwa wenye lugha wamekwisha kukubaliana hivyo. Tulimcheka kijana kwa kutojua mapatano ya watu wengine, ambayo hakuna aliyewahi kumfundisha.

Mambo matatu tunayoyachanganya

Wanaouza kozi za kuongea kiasili hufunga mambo matatu kwenye kifurushi kimoja, na ni vyema tuyatenganishe.

La kwanza ni nahau. Hizi ni semi ambazo maana yake haipatikani kwa kujumlisha maneno yake, kama ile ya ndoo na teke. Nahau ni pambo la lugha. Mtu anaweza kuishi, kufanya kazi na kuandika tasnifu nzima kwa Kiingereza bila kutumia hata kumi kati yake. Isitoshe, nyingi zimepitwa na wakati: Mwingereza wa leo ni nadra sana kusikika akizungumzia paka na mbwa wa mvua, ingawa madaftari yetu hayajawahi kuwakosa.

La pili ni vile vitenzi vya Kiingereza vinavyofuatwa na vijineno vidogo vinavyoigeuza maana. "Look" ni kutazama. "Look for" ni kutafuta. "Look after" ni kutunza. "Look into" ni kuchunguza. "Look down on" ni kudharau. Hivi si pambo. Ni viungo vya mazungumzo ya kila siku, na asiyevijua huachwa nje.

La tatu, lililo kubwa kuliko yote, ni kile ambacho wanaisimu huita kolokesheni, nami nitakiita usuhuba wa maneno. Ni ile tabia ya neno kuchagua marafiki. Kwa Kiingereza uamuzi "hutengenezwa", kazi ya nyumbani "hufanywa", mvua kubwa huwa "nzito", na dawa "huchukuliwa", hata ikiwa ni ya maji. Mtanzania anayesema kwa Kiingereza kwamba amekunywa dawa hajakosea sarufi hata kidogo. Ameyakutanisha tu maneno yasiyozoeana. Mwanaisimu wa London, J. R. Firth, alifundisha katika miaka ya 1950 kwamba maana ya neno hujulikana kwa maneno linaloandamana nayo, kama tunavyomjua mtu kwa marafiki zake. Usuhuba huu ndio mwili wa lugha. Asiyekuwa nao husikika mgeni hata akiwa na nahau elfu moja, na aliye nao husikika mwenyeji hata asipojua nahau yoyote.

Kosa la daftari la jirani yangu, basi, si kwamba lina Kiingereza kibaya. Ni kwamba limeanza na hereni kabla ya kupata sikio.

Kiswahili kinayajua yote haya

Kinachonishangaza ni kwamba mwanafunzi wetu huambiwa mambo haya ni maajabu ya Kiingereza, kana kwamba katoka kwenye lugha isiyo na kitu. Tazama kitenzi "piga". Tunapiga simu, pasi, deki, mswaki, picha, kura, hodi, magoti, miayo, mbizi, soga na marufuku. Katika yote hayo hakuna anayepigwa. Tazama "kula": tunakula kiapo, rushwa, njama na hasara, na hakuna kinachotafunwa. Mgeni anayejifunza Kiswahili huteseka na "piga" kama sisi tunavyoteseka na "make" na "take", na wala hatumwambii kwamba Kiswahili ni kigumu, tunamwambia atazoea.

Hata vile vitenzi vya vijineno vina ndugu zao kwetu. Kiingereza hukigeuza kitenzi kwa kijineno kinachofuata. Kiswahili hukigeuza kwa mkia wa kitenzi chenyewe. Kutoka "pata" tunapata "patia", "patikana", "patana" na "patanisha". Kati ya kupata kitu na kupatana na mtu kuna umbali ule ule uliopo kati ya kutazama na kudharau katika Kiingereza. Kutoka "enda" tunapata "endea", "endesha" na "endelea", na mtoto wa miaka mitano wa Kimara huvitumia vyote bila kufikiri.

Nahau nazo ni hivyo hivyo. Kila siku tunaandika kwamba mradi fulani unakwenda mrama. Mrama ni kuyumba kwa chombo baharini. Wengi wanaoitumia nahau hiyo, Dodoma na Tabora, hawajawahi kupanda jahazi, na wanaitumia kwa usahihi kabisa, kwa sababu waliisikia mara nyingi mahali pake kabla ya kuisema. Hawakuikariri kutoka kwenye orodha. Waingereza nao walizipata zao kwenye meli zao, kwenye mchezo wao wa kriketi, kwenye Biblia yao ya mwaka 1611 na kwa Shakespeare. Husema jambo wasilolielewa ni Kigiriki kwao, na usemi huo umeenezwa na tamthilia ya Julius Caesar, ambayo Mwalimu Nyerere aliifasiri kwa Kiswahili na kuichapisha mwaka 1963. Mwalimu aliweza kazi ile kwa kuwa alikuwa na lugha mbili zilizokamilika, si nusu ya kila moja.

Kama mwalimu wa Kiingereza angeanza hapa, akamwonesha mtoto kwamba Kiswahili chake kina usuhuba wa maneno na kwamba Kiingereza nacho kina wake, mtoto asingeona aibu ya kusema ushirika umekula hasara. Angeuliza swali sahihi: "Mwalimu, kwa Kiingereza hasara hufanywa nini?" Swali hilo ni nusu ya elimu ya lugha. Lakini haliwezi kuulizwa katika shule ambayo Kiswahili kimegeuzwa kuwa kosa la nidhamu.

Somo kutoka Japani

Elimu hii ya usuhuba wa maneno ya Kiingereza ina historia ambayo watunga sera wetu wangefaidika nayo. Kazi ya mwanzo iliyokuwa kubwa katika uwanja huu haikufanyika London wala Oxford, ilifanyika Tokyo. Mwaka 1922 Mwingereza aitwaye Harold Palmer alikwenda Japani kuishauri serikali kuhusu ufundishaji wa Kiingereza, na mwaka uliofuata ikaanzishwa huko taasisi ya utafiti aliyoiongoza. Mwaka 1933 taasisi hiyo ilitoa ripoti maalumu kuhusu maneno ya Kiingereza yanayoandamana. Mwenzake, A. S. Hornby, aliyekuwa mwalimu nchini humo, aliungana na Gatenby na Wakefield kutunga kamusi ya nahau na miundo ya Kiingereza kwa ajili ya wanafunzi wageni. Ilichapishwa Tokyo mwaka 1942, kisha Oxford wakaichapisha mwaka 1948. Kamusi ile, katika matoleo yake mapya, bado imo kwenye rafu za walimu wetu.

Kwa nini Japani? Kwa sababu huko Kiingereza kilikuwa somo. Mwanafunzi wa Kijapani alisoma hesabu, fizikia na uhandisi kwa Kijapani, kisha akaingia kwenye kipindi cha Kiingereza akiwa mgeni anayejijua kuwa ni mgeni. Hapo mwalimu alilazimika kujiuliza ni nini hasa kinachomkwaza mgeni, na jibu likawa usuhuba wa maneno. Pale ambapo Kiingereza ni lugha ya kufundishia kila kitu, swali hilo haliulizwi. Inachukuliwa kwamba mwanafunzi anakijua tayari. Asipokijua, anahesabiwa mjinga wa fizikia.

Atakayesema kwamba Wajapani wengi hata leo hawaongei Kiingereza kwa ufasaha atakuwa amesema kweli. Lakini sijamsikia yeyote akisema hawajui uhandisi.

Tulichochagua sisi

Nasi tulipewa nafasi ya kuchagua. Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, waliwapima wanafunzi wetu wakakuta kwamba Kiingereza cha wengi hakitoshi kufuatia masomo yao. Hata hivyo, ushauri uliofuata ulikuwa kuendelea na Kiingereza na kukiimarisha, na mradi wa kukiimarisha ukaja kwa msaada wa Uingereza mwishoni mwa muongo huo. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 iliahidi Kiswahili katika ngazi zote. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 iliufungua mlango huo tena. Toleo lake la mwaka 2023 limeurudisha: Kiswahili shule ya msingi, Kiingereza kuanzia sekondari.

Miaka arobaini na zaidi tumekuwa tukizunguka mahali pamoja kwa sababu ya kuchanganya mambo mawili: kufundisha Kiingereza na kufundisha kwa Kiingereza. Profesa Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye Kiingereza ndiyo taaluma yake, ametumia miaka mingi kulieleza hili: kutumia lugha isiyoeleweka kufundishia hakumpi mwanafunzi lugha hiyo, na humnyima maarifa pia. Mtu hajifunzi kuogelea kwa kubebeshwa gunia la mahindi na kutupwa kilindini.

Wakati huohuo Kiswahili kimepanda kila ngazi nyingine. Jumuiya ya SADC ilikipokea mwaka 2019. Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilikifanya kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zetu. Mwaka huohuo UNESCO ikakitengea tarehe 7 Julai kuwa siku yake duniani. Kwa hiyo leo mkulima anaweza kumshtaki jirani yake kwa Kiswahili, jaji akamwelewa, lakini binti wa mkulima huyo hawezi kujibu kwa Kiswahili swali la mtihani wa kidato cha pili kuhusu usanisinuru.

Mzawa wa wapi?

Neno "kiasili" nalo linahitaji kuhojiwa. Tunataka kusikika wazawa wa wapi? Afrika Mashariki ina Kiingereza chake. Rafiki asiyeonekana muda mrefu huambiwa "you are lost", na Mkenya, Mganda na Mtanzania wote huelewa kwamba ni salamu ya upendo, "umepotea!" Mgeni kutoka Manchester atashangaa, naam, kama mgeni wa Kiswahili anavyoshangaa kuambiwa "pole" kwa msiba ambao msemaji hakuusababisha. Kila watu wanaoishi na lugha muda mrefu huitia mkono wao. Mhandisi wa Kimara hatakiwi kusikika kama mtu aliyezaliwa Leeds. Anatakiwa aeleweke bila kumchosha msikilizaji: na bosi wake, na mfadhili wa Kijerumani ambaye naye Kiingereza si lugha ya mama yake, na fundi mwenzake kutoka Kampala. Kwa kazi hiyo usuhuba wa maneno ya taaluma yake, namna msukumo wa maji unavyopanda na kushuka, bomba linavyovuja, dira inavyosomwa, una thamani kuliko paka na mbwa wote wa Uingereza.

Pingamizi na ungamo

Wapo watakaosema: "Dokta, wewe umekwisha kuvuka mto, usivunje daraja." Pingamizi hilo ni la haki, nami silikwepi. Tasnifu yangu ya uzamivu niliiandika kwa Kiingereza. Mikutano ninayoalikwa nje, makala ninayochapisha, hata sehemu ya mshahara wangu, vyote vimepitia lugha hiyo. Na nikiri hili pia: mwanangu naye hupanda basi la njano alfajiri, saa kumi na moja na nusu, kwenda shule ya mchepuo wa Kiingereza, akiwa bado na usingizi machoni. Nimeliogopa soko kama wazazi wenzangu wa Kimara wanavyoliogopa. Sisemi hili kwa fahari.

Lakini ungamo langu haliibatilishi hoja; linaionesha nguvu ya kinachotubana. Mzazi mmojammoja anafanya hesabu ya busara: kama mlango hufunguliwa kwa Kiingereza, mwanangu apewe ufunguo. Jumla ya hesabu hizo za busara ni taifa ambalo wenye fedha hununua ufunguo, wasio na fedha hununua daftari la nahau, na wote wawili huambiwa wanashindana kwa vipaji. Hapo ndipo suala hili linapoacha kuwa la isimu na kuwa la siasa. Kiingereza chetu kimekuwa kipimo cha tabaka kinachojifanya kipimo cha akili.

Wala sisemi Kiingereza kiachwe. Nasema kifundishwe kwa bidii zaidi kuliko sasa, kikiwa somo, na walimu waliokisomea, kwa vitabu vya kusoma na si maswali ya kukariri pekee. Mimi sikujifunza usuhuba wa maneno kwa orodha. Niliupata kwa kusoma riwaya nyingi za bei nafuu nilizokuwa nikiazima, nyingine zisizo na maana yoyote, mpaka maneno yakaanza kuja yakiwa wawiliwawili bila kuitwa. Na niliweza kuzifuata riwaya hizo kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kujifunza kusoma, kufikiri na kubisha katika Kiswahili.

Kifanyike nini?

Kwa wanafunzi: wekeni pembeni orodha za nahau. Chukueni maandishi mazuri ya taaluma yenu, ukurasa mmoja kwa siku, na kila mkutanapo na neno la kazi, liandikeni pamoja na maneno yaliyolizunguka, kamwe si peke yake. Msiandike "decision", andikeni ni kitenzi gani kilichoibeba. Kisha tungeni sentensi tatu za kwenu kuhusu jambo mnalolijua kweli. Ikiwa jambo lenyewe hamwezi kulieleza kwa Kiswahili, tatizo si Kiingereza, rudini kulisoma.

Kwa walimu, na hasa sisi wa vyuo vikuu: tuache kucheka, hata kwa tabasamu. Mwanafunzi akikwama, aruhusiwe kuitoa hoja yake kwa Kiswahili, kisha darasa zima limsaidie kuitafutia Kiingereza chake. Nimelifanya hili kwa mihula kadhaa sasa. Linachukua muda, na silabasi huchelewa. Lakini wanaozungumza wameongezeka, na Kiingereza chao kimeongezeka pamoja nao.

Kwa watumishi wa umma mnaokaa kwenye majopo ya usaili: jiulizeni kazi mnayoisaili itafanywa kwa lugha gani. Kama afisa huyo atakwenda kuzungumza na wananchi wa Kimara, Kahama au Kilwa, mpimeni kwa lugha atakayozungumza nao. Kama kazi inahitaji Kiingereza, kipimeni waziwazi, kwa alama zake na kwa kazi halisi: mpeni barua aijibu, mpeni ripoti aifupishe. Msikifiche ndani ya maswali ya uhandisi, halafu mkarudi kusema vijana wetu hawana weledi.

Kwa watunga sera: toleo la sera si Msahafu. Kiswahili kiingie sekondari, kwa hatua, kikiwa na vitabu na istilahi zilizokwisha kuandaliwa kwa jasho la wataalamu wetu, na Kiingereza kipewe vipindi, walimu na maktaba kinazostahili.

Jirani yangu alikwenda kwenye usaili wake. Aliporudi alipita nyumbani, akaniambia kwamba alipoulizwa kuhusu upotevu wa maji alijibu kwa sentensi fupifupi, bila nahau hata moja, na kwamba mjumbe mmoja wa jopo alitikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Majibu bado hayajatoka. Jumamosi iliyopita nilimwona akichimba mtaro wa bomba kwa jirani wa nyumba ya tatu.

Yule mwanafunzi wa ushirika sijui aliko. Kama anasoma haya, namwomba radhi. Hoja yako ilikuwa sahihi, ndugu yangu, na nilikuwa nimeielewa.